Kurasa Kumi na Sita za Mwisho: Maisha ya Dada Yetu, Penseli

Wasifu huu umeandikwa na kaka mkubwa wa marehemu, fundi viatu mstaafu, ambaye shule aliiacha darasa la nne, kwa hiyo mtamvumilia. Aliuandika mara ya kwanza mwezi Agosti mwaka huu, marehemu akiwa hai, kwa kuwa marehemu mwenyewe aliagiza. Wasifu unaosomwa misibani hakuuamini hata kidogo. "Kaka, hizo ni hadithi zenye mhusika mmoja, na hana kosa," alisema. "Mtu wa namna hiyo nikimkuta kwenye kitabu, nakifunga." Akataka wake ausome kabla. Akapelekewa daftari, akalirudisha baada ya siku tatu likiwa limejaa penseli pembeni kila ukurasa. Mtakayoyasikia leo ni yale yaliyosalimika.

Marehemu alizaliwa Jumatano tarehe 9 Machi 1949, mtoto wa nne na wa mwisho wa baba seremala na mama mshonaji. Hiyo ndiyo tarehe iliyo kwenye kadi ya kliniki. Mama yetu mpaka anafariki alishikilia kuwa ilikuwa Ijumaa, maana alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kushona mapazia ya mwalimu mkuu, na mapazia yalichukuliwa Ijumaa. Pembeni mwa maneno haya marehemu aliandika: "Mashahidi wawili, hawapatani. Waandike wote." Basi wameandikwa wote.

Alianza shule ya msingi mwaka 1956. Siku moja mwalimu aliwasomea hadithi ya yatima aliyeteseka miaka na miaka, mwisho akaokolewa na mjomba tajiri. Darasa zima likapiga makofi. Dada yetu akanyoosha kidole. "Mwalimu, huyo mjomba alikuwa wapi siku zote hizo?" Mwalimu akamwambia akae chini. Alikaa, lakini swali hakuliweka chini maisha yake yote. Sekondari alisoma miaka miwili tu, 1964 na 1965. Baba akaanguka kutoka kwenye paa, na marehemu akarudi nyumbani kumsaidia mama kushona. Kaka yake siku hizo alikuwa anahangaika mji hadi mji na kisanduku chake cha nyundo na soli, na hakurudi kusaidia. Hilo halikuwemo kwenye daftari la Agosti. Limetiwa kwa penseli.

Mkono ule wa sindano ndio uliompatia kazi. Jumatatu tarehe 3 Februari 1969 aliajiriwa maktaba ya mji kuwa fundi wa kujalidi vitabu. Chumba chake kilikuwa nyuma ya kaunta, kina dirisha moja, meza ndefu, chungu cha gundi, uzi wa kitani na mbao mbili za kubania. Kitabu kilichoachia uzi au kilichovuliwa jalada kilipita kwake. Na kila kitabu alichokishona alikisoma. Alisema fundi hawezi kufunga mlango asiojua unaingia wapi.

Alipomaliza kusoma aliandika maoni yake kwa penseli kwenye kijikaratasi na kukibandika ndani ya jalada la nyuma, chini ya kile kimfuko cha kadi ya kuazimia. Hakuweka jina. Riwaya moja ya upelelezi, iliyokuwa inagombewa mpaka watu wanasukumana, aliiandikia: "Muuaji ni yule anayeleta chai. Nimemjua ukurasa wa kumi na mbili. Mpelelezi amehitaji kurasa mia mbili, na ndiyo kazi yake." Ya mapenzi: "Wamependana kwa kuwa wote wawili ni wazuri. Tungoje mmoja aumwe jino." Nyingine, ya mama mvumilivu: "Mama huyu hakasiriki. Mwandishi ama hajapata kuwa na mama, ama anamwogopa."

Vitabu vikongwe, vile ambavyo walimu hutaja huku wamefumba macho, ndivyo alivyovishuku zaidi. Alikuwa na njia yake ya kuvipima. Aliangalia uchafu wa vidole kwenye pembe za karatasi. Kimoja alikiandikia: "Kinasifiwa sana. Kadi inasema kimeazimwa mara sitini na moja. Vidole vinaishia ukurasa wa arobaini."

Watu wakaanza kuazima vitabu kwa ajili ya vijikaratasi, na huyo mwandishi asiyejulikana wakamwita Penseli. Mkutubi mkuu alimkataza mara mbili, kisha siku moja akaonekana amesimama nyuma ya rafu anasoma jalada la nyuma, mabega yanatikisika kwa kicheko. Hakumkataza tena.

Sasa tunafika mahali ambapo binti mkubwa wa marehemu alimwambia mwandishi, juzi tu, "Mjomba, hayo ya kurasa si ya kusoma makaburini." Mjomba alilifikiria sana hilo. Lakini mahali hapa marehemu aliandika neno moja, akalipigia mstari mpaka karatasi ikatoboka: "Soma."

Juni 1974 wasomaji walianza kulalamika kwamba riwaya ya muuguzi, iliyopendwa kuliko zote, haina mwisho. Kurasa kumi na sita za mwisho hazipo. Marehemu alikikagua kitabu, akasema kwa uhakika wake wote: "Kilipotoka mezani kwangu kilikuwa kizima. Kimechanwa kaunta." Kaunta alikuwepo karani mmoja kijana, mpole, anayependa kutabasamu. Marehemu alikuwa ameshamtilia shaka zamani, kwa sababu kila kitabu alikisifu. "Mtu anayesifu vyote," alimwambia mkutubi mkuu, "kuna kitu anaficha." Karani aliulizwa. Akamtazama fundi, akatazama chini, asiseme ndiyo wala hapana. Kwa kunyamaza kule akahamishiwa chumba cha chini kupanga magazeti ya zamani, na kaunta hakurudi tena mpaka anastaafu. Mji ukambandika jina: Mchanaji. Mpaka leo kuna watu wakimwona anakuja huficha gazeti kwa utani, naye hucheka nao.

Marehemu hakutosheka. Alikuwa anashuka kule chini kumchunguza, mwanzoni kila wiki, kisha kila siku. Alipekua mapipa ya taka. Alimuuliza maswali ya mtego. Karani alimjibu yote, halafu naye akamuuliza, "Na kile cha wiki hii, umekionaje?" Uchunguzi huo ulichukua zaidi ya miaka miwili. Kaka yake alipita mji ule, akamkuta anachana nywele mbele ya kioo kabla ya kwenda kuchunguza, akamwambia, "Dada, huyo mshukiwa wako ana bahati." Alirushiwa kitana. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 11 Desemba 1976. Walijaliwa watoto watatu, mabinti wawili na mvulana mmoja.

Turudi nyuma kidogo, maana ndipo penyewe. Katika vijikaratasi vyote alivyoandika, zaidi ya elfu mbili, marehemu aliusifu mwisho wa riwaya moja tu. Ilikuwa riwaya kongwe, nene, ya hakimu mkali asiyesamehe mtu. Ukurasa wa mia tatu na nne hakimu ananyanyua kalamu ahukumu. Ukifunua, unamkuta mwanamke kituo cha mabasi anafungua barua, anaisoma, anacheka peke yake, anapanda basi linaondoka. Hakimu hatajwi tena. Marehemu aliandika: "Hatimaye mwandishi jasiri! Amemwacha hakimu na kalamu yake juu, kama dunia inavyotuacha sote. Hata namba za kurasa zinarudi nyuma, kama mtu anayekumbuka."

Mwaka 1979 maktaba ilipata nakala mpya ya riwaya ya muuguzi. Jalada lake likabanduka, ikafika kwa fundi. Akaisoma mpaka mwisho. Muuguzi alikuwa kituo cha mabasi, anafungua barua, anacheka peke yake.

Mjue kilichotokea. Vitabu vile viwili vilichapwa na mtambo mmoja, kimo kimoja, herufi zile zile. Vililetwa mezani siku moja. Cha muuguzi mwisho wake uliachia, cha hakimu mwisho wake ulishapotea kabla hakijafika. Fundi aliona kurasa kumi na sita zimelala mezani, akaona kitabu chenye pengo, akazishona. Cha muuguzi, kwa kuwa wasomaji walikuwa wanakigombea, akakitia jalada jipya haraka bila kukisoma, akakituma nje bila mwisho. Na kwa miaka mitano hakuna msomaji hata mmoja aliyekuja kulalamika kwamba hakimu amegeuka mwanamke kituoni, kwa sababu kitabu kile kila mtu alikisifu na hakuna aliyekimaliza. Isipokuwa yeye, aliyewashuku watu wote, akaacha kuushuku mkono wake.

Alikichukua kitabu cha hakimu, akakifungia kabatini nyumbani, chini ya mashuka. Hakusema. Mwanzoni aliona haya, halafu akaona amechelewa, kisha miaka ikawa mingi mno. Mume akaendelea kuitwa Mchanaji.

Marehemu alistaafu tarehe 31 Machi 2004. Alianza kuumwa moyo mwanzoni mwa mwaka jana. Madaktari nao hakuwapa nafuu. Dawa hakumeza mpaka asome kile kikaratasi kilichokunjwa ndani ya kasha, akitumia kioo cha kukuzia. "Ukweli wameuweka kwenye herufi ndogo," alisema. "Hawa wangekuwa waandishi wazuri."

Daftari la Agosti lilimsifu kwamba hakukosea hata mara moja kazini. Aliposoma hapo akamwita kaka yake, akamweleza yote, tena kwa sauti kavu kama mtu anayesoma orodha. Kaka yake akasema, "Dada, mbona hilo ni la kumwambia shemeji, si mimi?" Akajibu, "Ndiyo maana nimekuita. Niitie, halafu usiondoke."

Ilikuwa Jumapili mchana, tarehe 10 Septemba. Mume alikuja akakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na kitanda. Alisikiliza mpaka mwisho. Akawa anakunja na kukunjua ukingo wa shuka.

"Kwa hiyo si wewe uliyechana," alisema.

"Nichane mimi?"

"Mimi nilidhani ni wewe. Siku ile nilikuona unatoka na karatasi mfukoni mwa aproni. Nikajua kijikaratasi chako kimekushinda, umechana mwisho usioupenda."

"Yalikuwa makapi ya kujazia mgongo wa kitabu!"

"Sasa mimi nitajuaje?"

"Ukanyamaza?"

"Ningesema, ungehamishwa wewe. Kule chini kulikuwa na unyevu."

Marehemu akamtazama. Miaka arobaini na tisa alikuwa akimtafutia mume wake kile anachoficha, na kumbe kilikuwepo kweli. "Nilisema," alimwambia kaka yake, na machozi yanamtoka. "Nilisema kuna kitu anaficha."

Msidhani yaliishia hapo kwa kukumbatiana. Mume alitoka nje akakaa barazani siku mbili, chakula anarudisha nusu. Alikuwa na haki. Siku ya tatu alivaa viatu, akazunguka kwa wauza vitabu vikuukuu mjini, akarudi jioni na nakala ya riwaya ya hakimu, imechakaa lakini nzima. Akakaa kwenye kiti kile kile, akafungua ukurasa wa mia tatu na nne, akamsomea mkewe mwisho ambao hakuwahi kuusoma. Hakimu anahukumu, anajuta, anasamehewa na wote aliowaonea, wanalia pamoja. Marehemu alisikiliza amefumba macho.

"Umeuonaje?" akamuuliza.

"Wamemsamehe haraka mno," alisema. "Ule wangu ulikuwa bora." Kisha, bado amefumba macho: "Lakini wewe soma tena hapo wanaposamehe. Polepole."

Alisomewa tena. Na kila siku baada ya hapo akaomba ukurasa ule ule, na kila siku akasema hauamini.

Alifariki Jumanne tarehe 17 Oktoba 2023, saa nne asubuhi, nyumbani, mume wake akiwa pembeni.

Basi kwa agizo lake, na mbele yenu wote mliokuja, familia inatamka: kurasa zile hakuzichana karani wa kaunta. Hazikuchanwa na mtu yeyote. Anayetaka kumwita shemeji yetu kwa jina lile, kuanzia leo alitafutie jingine.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, ambao ni mwalimu, fundi umeme na mpishi, wajukuu saba, na kaka mmoja. Daftari lilisema pia kwamba alipendwa na watu wote. Pembeni ameandika: "Nani kasema? Wahesabu watakaokuja." Kaka yake alijaribu kuwahesabu asubuhi hii pale getini, akapoteza hesabu.

Mwishoni kabisa, chini ya maneno ambayo huwa tunamalizia, penseli imeandika: "Mwisho huu nimeusoma kila mahali. Tafuta wako." Kaka yake ametafuta tangu Jumanne, na alichopata ni hiki kidogo. Pumzika, dada. Na huko uendako, ukikagua, ukute kila ukurasa upo mahali pake.