Mlio wa Mashine ya Baba Yake Kimya

Benchi letu ni gogo refu lililolazwa juu ya matofali mbele ya karakana ya Tupa. Limepinda katikati, kwa hiyo ukikaa vibaya unateleza mpaka mapajani kwa mwenzio. Mimi nashona viatu hapo pembeni, na kelele zote za watu hawa zinaniishia masikioni, nitake nisitake. Jioni ile birika la kahawa lilikuwa bado zito. Tupa alikuwepo, fundi wa mashine, tunayemwita hivyo kwa sababu tupa haimtoki mfukoni, hata msibani anakwenda nayo. Redio alikuwepo, mstaafu wa bohari, na jina lake halihitaji maelezo. Na Kimya, seremala, ambaye akisema sentensi mbili kwa siku tunamuuliza kama ana homa. Katikati yetu, juu ya gunia, ilikaa mashine yenyewe: msumeno wa mnyororo wa zamani, hauna jina, hauna namba. Kimya aliukuta kwenye lundo la vyuma chakavu, akasema huenda ni wa marehemu baba yake. Tupa ameuhangaikia mpaka mkewe kanuna.

— Hii ni mashine ya jeshi, alianza Redio. Ilitengenezwa kukatia madaraja.

— Madaraja ya mbao? akauliza Tupa.

— Ya mbao, ya chuma, yote.

— Redio, kunywa kahawa.

Tupa akachomoa tupa yake, akakwangua ubavu wa mashine.

— Tazameni. Juu kijani. Chini yake nyekundu. Chini kabisa njano. Kila aliyeimiliki kaipaka rangi yake.

— Ya baba ilikuwa nyekundu, akasema Kimya.

— Nyekundu ya kiwandani au ya kupaka kwa brashi?

— Nyekundu tu. Nilikuwa mtoto, ningejuaje?

— Na hiki kitufe? Redio akakibonyeza bila ruhusa, oili ikamrukia suruali. Lahaula!

— Umeona sasa! Hicho ni cha kulainishia mnyororo. Mashine za siku hizi zinajimwagia oili zenyewe. Hizi za zamani, unakata huku kidole gumba kinabonyeza. Ukisahau, mnyororo unaungua. Halafu ndani ina platini, vile vyuma vidogo vya kurusha cheche. Vijana wa leo ukiwatajia platini wanadhani ni cheni ya shingoni.

— Kwa hiyo ni ya zamani, nikasema.

— Ya zamani haswa. Lakini ilikuwa ya nani? Hapo sina jibu.

Redio alikuwa anajifuta suruali, lakini mtu huyu hajui kufuta na kunyamaza kwa pamoja.

— Basi mimi nawaambia, hii ilikuwa ya nyambizi. Zile meli za chini ya maji. Zilikuwa zinanasa kwenye misitu.

— Misitu ya wapi, baharini?

— Mwani, bwana! Mwani mrefu kuliko ghorofa. Nahodha anamtuma mtu nje na mashine, anakata, wanaendelea na safari.

— Na petroli inawaka vipi ndani ya maji?

— Ndiyo maana wakaziuza!

Nilicheka mpaka sindano ikanichoma. Tupa alicheka akamwaga kahawa. Kimya hakucheka. Alikuwa ameushika mpini wa ile mashine kama mtu anayemshika mgonjwa mkono.

— Jamani, akasema, mimi jeshi sitaki, nyambizi sitaki. Nataka kuisikia ikilia. Baba alikuwa anapasua mbao huko nyuma, kulipokuwa na miti, kabla hayajaja haya mabati. Nilikuwa nausikia mlio wake toka asubuhi. Alipofariki, baba mdogo akaja akaiuza, na kuanzia hapo nyumba ikawa kimya mno. Nimezunguka kila penye vyuma vibovu. Nimeshachoka. Kama ni yenyewe, nitaijua ikilia tu. Kama siyo, basi, naacha kutafuta.

Tukatazamana. Hatukuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo.

Tupa akainamia mnyororo, akaupitisha polepole kati ya vidole.

— Kuna kitu hapa. Meno ya upande wa kushoto yameliwa sana, ya upande wa pili bado marefu. Mtu akinoa kwa mkono, upande wa mkono wake wenye nguvu anausugua zaidi. Huyu aliyekuwa anainoa, naapa, alikuwa wa mashoto. Mzee wako alikuwa wa mashoto?

Kimya aliachia mpini. Akatazama mikono yake, wa kulia, kisha wa kushoto.

— Sikumbuki.

— Kula alikuwa anakula kwa mkono gani?

— Nimekwambia sikumbuki, Tupa! Alinilisha, alinibeba, alinichapa, na mkono wenyewe siujui. Unadhani siumii?

Redio akammiminia kahawa. Nilimhurumia yule bwana, nikamkasirikia Tupa kwa kuuliza, ingawa swali lake lilikuwa la haki.

— Haya, akasema Tupa. Kabureta nimeosha, ringi nimebadilisha, mafuta nimechanganya. Tuiwashe. Lakini mashine ya mbao haijaribiwi kwenye hewa. Tukate nini?

Sote tukaangalia ile ncha ya benchi iliyojitokeza nje ya matofali.

— Hapo ndipo ninapokaa mimi! akapiga kelele Redio.

— Sogea.

Tupa akakanyaga mpini, akavuta kamba. Haikuwaka. Akavuta tena, ikakohoa moshi. Akarekebisha kitu kwa bisibisi, akamtusi mtengenezaji asiyemjua, akavuta kwa nguvu zote, ikaunguruma mpaka viatu vyangu vikatetemeka kwenye misumari. Akamkabidhi Kimya. Kimya akazamisha mnyororo ndani ya gogo, kidole gumba kikibonyeza na kuachia, kikibonyeza na kuachia, na vumbi la mbao likatufunika miguu. Ncha ya benchi ikaanguka. Akazima.

— Enhe? akauliza Tupa. Ni yenyewe?

Kimya alikuwa anatiririka jasho.

— Sijui, akasema. Nilidhani nitaijua. Wallahi, sijui.

Akaiweka chini, akageuka ukutani asitazamwe. Tupa akaanza kueleza habari za ekzosi, kwamba ikizibwa tundu sauti hubadilika. Nikamkanyaga mguu anyamaze.

Muda si mrefu mama yake Kimya akatokea kichochoroni. Nyumba yao iko nyuma ya karakana hii. Alikuwa anahema, mikono ina unga hadi kwenye viwiko, na ndala alizovaa kila mguu na rangi yake. Tukamwamkia, hakuitikia.

— Nani ameizima? akauliza.

— Mimi, mama.

— Nimeisikia nikiwa jikoni. Ilipozimwa nikasema haya, sasa baba yako anakusanya vitu vyake, anarudi. Nikamtelekea maji ya kuoga. Nikachochea moto, nikamtafutia na taulo. Taulo ndilo lililonishtua, maana sikuliona, nikakumbuka hayupo.

Akacheka kidogo. Akainama, akaweka kiganja juu ya injini. Ilikuwa ingali na moto, lakini hakukiondoa.

— Kwa hiyo ni yenyewe? Kimya akauliza.

— Hata ungeniamsha usingizini.

Kimya akakaa chini palepale kwenye vumbi la mbao, akalia waziwazi mbele yetu, mtu mzima na ndevu zake. Mama yake akamfuta uso kwa upindo wa nguo, akamwachia unga shavuni.

— Usilie, baba, akamwambia mwanawe. Kisha akatugeukia sisi, mmoja baada ya mwingine. Sasa niambieni ninyi. Maji yako motoni. Nani atayaoga?

Tupa alirudisha tupa yake mfukoni. Mimi nilishika kiatu cha watu mkononi na sikukumbuka nilikuwa nashona upande gani. Yule mama alisimama anasubiri kabisa, kama anayeamini kwamba mmoja wetu atajibu.