Taa ya Thelathini na Mbili

Benchi liko mbele ya makumbusho, na makumbusho yenyewe ndiyo lile bafu la zamani ambamo wachimbaji walikuwa wakijisugua vumbi la makaa ya mawe kabla ya kurudi kwa wake zao. Kila siku saa nne asubuhi, dada Segawa anayeyatunza makumbusho huleta chupa ya kahawa na vikombe, huviweka benchini, kisha hurudi ndani kama mtu asiyetaka kitu. Ana hila yake: wazee wakinywa watasema, na wakisema yeye ataandika. Mji umebaki na watu wachache na kulungu wengi, kwa hiyo wanaofika kijiweni ni wale wale. Yupo Komai, fundi wa pampu mstaafu, ambaye huitwa Redio kwa sababu hazimiki. Yupo Bi Sonoe, Mama Tofu, aliyeulisha mji mzima tofu yake ya maharage ya soya kwa miaka thelathini na anayeona hiyo inampa haki ya kumkosoa yeyote. Na yupo Muroi, ambaye jina lake halisi limebaki kwa daktari tu. Wengine wote humwita Msahaulifu.

Jina hilo lilimpata mwaka wa moto. Wakati ule, mchimbaji akishuka aliacha kibati chake cha shaba chenye namba dirishani kwa Yae, mama wa taa, akapewa taa. Akipanda alirudisha taa akapewa kibati. Moto ulipowaka chini, na wakubwa walipoamua kuujaza mgodi maji ili uzimike, vibati vilivyobaki dirishani vilikuwa thelathini na viwili. Jioni Muroi akatokea barabarani, mzima, na samaki begani. Akasema jana yake alisahau kuchukua kibati chake. Mama yake alizimia, watu wakamkumbatia, jina lake likafutwa, wafu wakawa thelathini na mmoja. Miaka arobaini na miwili wamekuwa wakimtania kwa hilo, na miaka yote amecheka nao.

Mwaka huu Segawa alikuwa amebuni jambo. Jumamosi ya kumbukumbu, majina hayatasomwa tena na meya. Ameyagawa kwa mji, jina moja kwa mtu mmoja: umtafute marehemu wako, ujue alipenda nini, alikaa nyumba ipi, halafu usimame umzungumzie mbele za watu. Watoto tisa wa shule wamepata tisa. Mama Tofu amepata shemeji yake. Redio amepata mtu waliyekorofishana naye maisha yote, na sasa haishi kumsifu.

Lakini ugomvi wa asubuhi hiyo ulikuwa wa daftari. Yae alifariki kiangazi, na binti yake akaleta makumbusho daftari lililokuwa chini ya futoni, godoro la sakafuni, ya mama. Kwa kila taa iliyotoka, Yae alipiga mstari mmoja. Taa ikirudi, aliukata. Ukurasa wa siku ya moto una mistari thelathini na miwili ambayo haikukatwa. Segawa ameliweka kwenye kabati la kioo na kuandika swali kwenye karatasi: taa ya thelathini na mbili ilishuka na nani?

– Yae alikosea, alisema Mama Tofu. Kila mtu anajua alikuwa akipiga pombe ya sake kabla ya zamu. Mtu wa namna hiyo anaona mbilimbili.

– Angeona mbilimbili zingekuwa sitini na mbili. Hesabu inakukataa, mama, alisema Redio.

– Haya, mjuzi. Tuambie wewe.

– Mnyapara, alisema Redio. Alikuwa na mtu wake nyuma ya kilima cha makaa, na kule njia ni giza. Alichukua taa.

– Saa mbili asubuhi?

– Alikuwa mtu wa kujiandaa mapema.

– Acha kamba wewe. Na kwa nini hakuirudisha?

Redio akajimiminia kahawa, akanywa polepole, dalili kwamba bado anatunga. Muroi alikuwa kwenye ncha ya benchi, kikombe amekishika kwa mikono miwili. Tangu daftari lije alikuwa amelala vibaya. Aliwaza kwamba mtu yeyote mwenye akili akiliangalia angejiuliza: kama Msahaulifu aliacha kibati tu, mbona na taa iliondoka? Alisubiri mmoja wao aulize. Hakuna aliyeuliza.

– Mbweha, alisema Redio hatimaye. Vuli ile milima hii ilikuwa imejaa mbweha, na wahenga walisema mbweha huoana usiku kwa msafara wa taa. Mzee wa mbweha alivaa koti la mchimbaji, akapanga foleni kama wenzake, Yae akampa. Na kwa sake ile angeuona mkia saa ngapi?

Mama Tofu alicheka mpaka akapaliwa. Hapo ndipo mlango wa makumbusho ulipofunguka, akatoka msichana wa miaka kumi hivi na karatasi kwenye ubao. Alikuwa Chiho, mwanafunzi wa kumi, aliyehamia Septemba baada ya mama yake kupata kazi kwenye nyumba ya wazee. Akainama kuwaamkia.

– Samahani, mabibi na mababu. Majina yalikuwa yameisha, kwa hiyo dada Segawa kanipa ile taa. Kasema niulize hapa. Mwenye taa aliitwa nani?

Redio akamsimulia hadithi ya mbweha, safari hii na ngoma za harusi. Chiho aliiandika kwa adabu mpaka mwisho, kisha akaangalia alichoandika, akachukua kifutio.

– Mama anasema kama alishuka na hakupanda, kuna mtu alimngoja, alisema. Mbweha sidhani.

Muroi akaweka kikombe chini.

– Sikusahau kibati, alisema.

– Msahaulifu, kunywa kahawa yako, alisema Redio.

– Nilimpa mtu.

– Ulisahau, alisema Redio. Hakuwa akitania tena, na sauti yake ilikuwa ya chini. Sote tunajua ulisahau. Nyamaza, ndugu yangu.

Muroi akamtazama, na akaelewa. Redio alikuwa anajua. Huenda tangu siku ile ile. Utani wa miaka yote, mnyapara, mbweha, vyote vilikuwa blanketi alilokuwa akifunikwa na rafiki. Moyo ulimuuma kuliko kama angetukanwa.

Basi akasema, akimwelekea mtoto kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kuwatazama wenzake. Siku ile samaki aina ya samoni walikuwa wanapanda mto na yeye alitaka kwenda kuvua. Kwenye bweni la vibarua alikuwepo mtu aliyekuwa akiomba zamu kila siku. Hakuwa na kibati, kwa kuwa vibarua wa nje hawakupewa. Muroi akampa chake. Alikuwa mrefu, wakimwita Mrefu. Alitumia mkono wa kushoto. Akicheka aliziba mdomo, meno ya mbele hayakuwepo. Asubuhi ile, akikipokea kibati, alimwonyesha soksi za mtoto alizonunua, nyekundu, ndogo za kuingia kwenye kiganja.

Penseli ya Chiho ilikuwa ikikimbia. Mrefu. Kushoto. Soksi nyekundu.

– Na jina?

– Sikuwahi kumuuliza.

– Hakuna aliyekuja kumtafuta?

Mama Tofu alianza kumwambia mtoto inatosha, lakini Muroi akainua mkono.

– Alikuja mwanamke. Theluji ilikuwa inayeyuka. Alikuwa na mtoto mgongoni, na miguu ya mtoto ilikuwa imetoka nje ya kitambaa, mitupu. Alimuuliza mlinzi wa lango, mlinzi akapekua orodha, akamwambia hatujawahi kuwa na mtu huyo hapa. Mimi nilikuwa nimesimama karibu, kama hapa na huo mlango. Alilitaja jina mara mbili, na upepo ulikuwa mkali, sikulisikia. Ningepiga hatua tatu tu ningelisikia. Niliogopa kufukuzwa kazi. Alishika njia ya stesheni, na mimi nikashuka zamu katika shimo la pili, lisilojazwa maji.

Segawa alikuwa amesimama mlangoni, daftari lake mkononi, na kwa mara ya kwanza hakuwa akiandika. Machozi ya Muroi yalimtoka bila sauti, na hakuyafuta.

Chiho aliisoma karatasi yake toka juu hadi chini. Sehemu ya juu kabisa, palipochapwa neno Jina, palikuwa peupe.

– Sasa Jumamosi nikisimama, aliuliza, nimwite nani?

Alimtazama Muroi, kisha Mama Tofu, kisha Redio. Redio akaichukua chupa amwongezee Muroi kahawa, akaiinamisha mpaka mwisho, halikutoka hata tone, na kikombe kikabaki kama kilivyokuwa. Mtoto alikuwa bado anangoja, penseli juu ya ile nafasi.