Lydiah Haikaeli Nkya, Aliyemsemea Mumewe Kithai

Mchungaji, wazee wa usharika, majirani wa Sugar Land na Houston, pamoja nanyi mlioendesha magari kutoka Plano na Fort Worth ili kuwa nasi, familia inawashukuru kwa kufika, na imemtuma Isack Swai, mdogo wake marehemu, awasomee historia hii, ambayo aliiandika kwenye meza ya jikoni kwa marehemu, shemeji yake Elimringi akiwa amekaa kiti cha pili, akisahihisha tarehe tu, maana mengine alisema yaandikwe yalivyo, hata yale yasiyompendeza.

Lydiah Haikaeli alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 huko Nkwarungo, Machame, wilaya ya Hai, mkoa wa Kilimanjaro, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto saba wa marehemu Mzee Aminieli Swai na marehemu Mama Ndeambiliasia, akabatizwa mwaka huohuo, na wanaomkumbuka utotoni wanasema alichelewa kutembea lakini aliwahi kusema, na tangu hapo hakunyamaza.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1979 hadi 1985, sekondari kuanzia 1986 hadi 1989, akajiunga na chuo cha ualimu Marangu na kuhitimu mwaka 1992, akapangiwa kufundisha shule ya msingi mjini Arusha, darasa la kwanza, kazi aliyoifanya kwa miaka tisa, na ambayo ilimpa tabia ya kumsahihisha mtu yeyote anayekosea mbele yake, awe mtoto, shemeji au mchungaji.

Tarehe 17 Juni 1995 alifunga ndoa takatifu na Elimringi Nkya, ambaye wakati huo alikuwa dalali wa tanzanite mjini Arusha, na Mungu akawajalia watoto wawili, Angel, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1997, na Jordan, aliyezaliwa tarehe 20 Septemba 1999.

Mwezi Februari 2001 Elimringi alikwenda Thailand, katika mji wa Chanthaburi, ambako watu wa mataifa mengi huuza na kununua vito, akamwita mkewe amfuate kwa mwaka mmoja, watoto wakabaki Machame kwa bibi yao, na mwaka huo mmoja ukawa miaka tisa, kwa sababu kila Desemba Elimringi alisema mwakani tunarudi, na hakuna aliyemshika shati.

Ni huko Lydiah alikojifunza Kithai. Hakwenda shule, hakuwa na mwalimu, alikaa na mama aliyepika tambi chini ya chumba walichopanga, akimenya vitunguu saumu na kuuliza kila kitu kinaitwaje, akiandika jibu kwenye daftari la mistari kwa herufi zetu, na juu ya kila neno akichora mshale wa kupanda au wa kushuka, kwani lugha ile huimba maneno yake, jambo ambalo Wazungu aliokuwa nao mtaani walilililia sana, lakini yeye alisema Mmachame hawezi kutishwa na hilo, kwao pia neno hupandishwa na kushushwa. Baada ya mwaka mmoja alikuwa anataniana na wauza samaki, baada ya miaka mitatu alisoma mabango ya barabarani, na katika mwaka wa tano aliombwa asimamie ugomvi wa majirani wawili Wathai juu ya bomba la maji, akausimamia.

Elimringi hakujifunza. Sokoni mnunuzi hukaa mezani, mwenye mali akamwekea jiwe ndani ya karatasi nyeupe iliyokunjwa, na maneno yakaanza, basi Elimringi alishika lenzi akalitazama jiwe, Lydiah akasema, na ikawa hivyo kila Ijumaa, Jumamosi na Jumapili kwa miaka tisa, mume akikaa kushoto kwa mkewe na kutikisa kichwa alipoguswa goti, na hata dukani, hata kwa daktari wa meno, aliyefungua mdomo kueleza jino lake linauma vipi ni Lydiah. Aliulizwa mara nyingi kwa nini hajifunzi, na jibu lake lilikuwa ni la nini na sisi tunaondoka. Ameomba isomwe kwamba alilisema jibu hilo kwa majivuno.

Mwaka 2010 familia ilipata bahati nasibu ya viza, ikaungana tena na watoto, ikafika Houston tarehe 9 Agosti, ikapanga Alief, ambapo Lydiah alifanya kazi ya kufua mashuka hotelini hadi 2012, kisha akasomea usaidizi wa wauguzi na kuajiriwa mwaka 2013 katika nyumba ya wazee Sugar Land, alikofanya kazi hadi alipougua, naye Elimringi akawa dereva wa lori, na watoto wakawa watu wa kusemeshwa Kiswahili na kujibu Kiingereza, kama watoto wa wengi wetu hapa. Kithai kilikaa kimya ndani ya nyumba, isipokuwa alipokwenda duka la Wathai kununua majani ya mchaichai, ambako alichelewa kurudi kwa maongezi.

Jumamosi tarehe 8 Juni 2024, akiwa Plano kwa mdogo wake Isack kwenye sherehe ya kumuaga binti wa jirani anayeolewa, Lydiah alianguka akiwa ameshika sahani ya pilau, akakimbizwa hospitali, ikathibitishwa kuwa ni kiharusi, upande wake wa kulia ukalala, na alipozinduka siku ya tatu alikuwa anaongea, lakini hakuna aliyemwelewa. Hospitali ilileta mkalimani wa Kiswahili kwenye kishikwambi, ndugu yetu Mkongo, mtu wa heshima, akasikiliza sana, kisha akasema kwa masikitiko kwamba hicho si Kiswahili, huenda ni kilugha cha kwao, ndipo daktari akamgeukia Elimringi atafsiri, naye akasema ni Kithai, na wote wakamtazama kana kwamba na yeye amepigwa kiharusi.

Alipopatikana mkalimani wa Kithai, kitu cha kwanza alichotafsiri ni kwamba mama anaomba mto uondolewe chini ya bega lake, unamuumiza, na ameomba tangu juzi. Elimringi alikuwa amekaa karibu na mto huo siku zote mbili, na anasema hilo ndilo asiloweza kulipitisha kooni.

Daktari alieleza kwamba hutokea, si mara nyingi, ugonjwa ukazifunga lugha za nyumbani na kuiacha ile ya ugenini, na kwamba nyingine zinaweza kurudi au zisirudi. Kiswahili hakikurudi. Lydiah alikielewa kidogo, asubuhi zaidi kuliko jioni, lakini kila alilotaka kulisema alilisema Kithai, tena kwa ulimi mzito ambao programu ya kutafsiri kwenye simu haikuweza kuushika, ingawa Angel alijaribu sana, akimwambia baba yake aliyeishika simu, “Dad, jaribu tena, ongea slow,” wakati anayeongea hakuwa baba.

Kwa hiyo Elimringi Nkya, akiwa na miaka hamsini na tisa, alikwenda kujifunza. Marehemu alihamishiwa kituo cha mazoezi Fort Worth kwa miezi mitatu, na katika mji huo liko hekalu la Wathai lenye darasa la Jumapili kwa watoto wao waliozaliwa Marekani, naye akaomba kuingia, akavua viatu, akakaa kwenye kiti kifupi kati ya watoto wa miaka sita, wakaimba rangi na wanyama, naye akaimba nao. Wapo Walutheri wenzetu waliouliza mzee wa kanisa anatafuta nini hekaluni, akawajibu kwamba anatafuta neno la kumgeuzia mkewe ubavu. Mwalimu wake, Mama Wilai, aliposikia hivyo aliacha kumfundisha ng'ombe na tembo, akampa maneno yake peke yake, maji, mto, inauma, baridi, nigeuze, basi, yakabandikwa kwenye friji, na marehemu aliporudishwa Sugar Land tarehe 14 Septemba darasa liliendelea kwa simu kila Jumapili.

Alikuwa mwanafunzi mzito, mwalimu wake yuko hapa na hatakataa. Lakini kila alipolitamka neno vibaya, marehemu aliinua kidole cha mkono mzima akakipandisha au kukishusha hewani, mpaka neno likae sawa, kama alivyowafanyia darasa la kwanza, na Angel ameomba isemwe kwamba hizo ndizo nyakati pekee alizomwona mama yake akicheka tangu augue. Kufikia Krismasi Elimringi alijua maneno kama mia mbili. Maji hayakuchelewa tena, wala mto.

Mwishoni mwa Januari 2025 kilimpata kiharusi cha pili, madaktari wakasema arudi nyumbani atunzwe akiwa na watu wake. Jumapili tarehe 9 Februari, mchana, muuguzi wa kumhudumia nyumbani alikuja, akamwinamia mgonjwa, na marehemu akamwambia jambo kwa Kithai, muuguzi akitabasamu bila kuelewa, ila Elimringi, aliyesimama mlangoni na taulo, alielewa sentensi yote tangu mwanzo hadi mwisho, na ilikuwa mara yake ya kwanza. Marehemu alikuwa amesema, huyu ni mume wangu, hajui lugha, niambie mimi nitamweleza.

Elimringi akajibu kwa Kithai kwamba sasa anajua kidogo.

Marehemu alimwashiria aje, akamshika mkono, akaanza kuongea, si yale maneno ya friji, aliongea haraka na kwa urefu kama anayeongea na mtu anayejua, kwa dakika kumi hivi, na Elimringi alidaka jina la Jordan, akadaka nyumba, akadaka usifanye, akadaka mvua au kitu kama mvua, mengine yakampita, na kila marehemu aliponyamaza na kumtazama, alisema ndiyo. Alisema ndiyo mara sita au saba. Mara ya mwisho marehemu alimwachia mkono, akafumba macho, ameridhika. Hakusema tena. Jumanne tarehe 11 Februari 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi, Lydiah Haikaeli alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka hamsini na tatu, ameacha mume na watoto wawili.

Tangu siku hiyo shemeji yetu amejaza fomu zote, amefua mashuka, ameliosha gari, na akiulizwa anaendeleaje anasema hasikii kitu, ni kama mkono uliolaliwa, uko pale lakini hauko. Anachokisema bila kuulizwa ni kimoja, kwamba hajui amemkubalia mkewe nini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Plano, Fort Worth na Sugar Land, wafanyakazi wenzake wa nyumba ya wazee waliokuja kumwogesha siku zao za mapumziko, majirani waliopika, usharika, na ndugu zetu wa hekaluni waliokaa viti vya nyuma na ambao tungeomba wasogee mbele. Mama Wilai alijitolea kukaa na Elimringi na kusikiliza yale machache anayoyakumbuka bado, ambayo huyarudia kila asubuhi ndani ya lori ili yasimpotee, amtafsirie, naye amemshukuru na kukataa, amesema safari hii hataki mtu wa kumsemea, na ameomba itangazwe kwamba Jumapili ijayo darasani atakuwepo.

Dada Lydiah, umesema vya kutosha kwa ajili yetu sote. Pumzika kwa amani.