Sema Watu Wasikie

Tangu basi la mwendokasi liondoke kituo cha Gerezani, mzee aliyekaa na Moza alikuwa akiisifu hotuba ya Rais kama kaiandika yeye: umaskini basi, na kila mwananchi aseme analotaka. Basi zima lilimsikia. Moza, ambaye juzi kibanda chake cha mitumba kilivunjwa na mgambo wa jiji, uvumilivu ukamwisha. “Mimi wamenivunjia, baba, hata kuulizwa sikuulizwa.”

“Kalalamike, mwanangu. Si uhuru upo!”

“Basi nisaidie. Sema hapa hapa, watu wasikie, kwamba nimeonewa.”

Mzee akatazama mbele, akatazama nyuma, kisha akamwinamia sikioni. “Umeonewa,” akanong’ona.

Basi liliposimama kituo cha Fire, mzee, aliyesema tangu mwanzo kwamba anaenda Kimara, vituo vingi mbele, akashuka.