Marlys Kivisto na Masomo Sitini na Manne ya Watoto Viziwi

Marlys Kivisto alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 mjini Cloquet, Minnesota, mtoto wa kwanza wa Arvid na Lorna Hedstrom. Miaka minne baadaye alizaliwa ndugu yake wa pekee, Curtis. Marlys ndiye aliyemfundisha kuhesabu, kwa vifungo vya koti la baba yao.

Alimaliza sekondari mwaka 1984, akahitimu hisabati chuo kikuu mjini Duluth mwaka 1988, kisha akaajiriwa katika shule ya viziwi. Tarehe 22 Juni 1991 alifunga ndoa na Dale Kivisto, dereva wa gari la kuondoa theluji. Walijaliwa binti mmoja, Britta.

Mwaka 2001 alianza kutengeneza masomo ya hesabu kwenye tovuti, kwa Flash, teknolojia ya kuchezesha katuni kwenye kompyuta. Mtoto akibofya namba, bibi wa katuni anaionyesha kwa lugha ya alama, vidole vikikunjuka laini kama vya mtu hai. Siku ya kwanza darasa zima lilipunga mikono hewani, ndiyo makofi ya viziwi, na Marlys alitoka nje akalia.

Curtis naye alitengeneza tovuti, ila yeye alikuwa mtu wa JavaScript, lugha nyingine ya kutengenezea tovuti. Mezani, Sikukuu ya Shukrani ya mwaka 2010, alimwambia mbele ya watu wote, "Dada, hiyo Flash yako ni maiti. Simu mpya hata haziifungui. Unafundisha watoto kwa maiti!"

"Wanangu wanaelewa leo, Curtis. Hiyo JavaScript yako ikijua kukunja kidole, uniite."

Hakuna aliyemwita mwenzake. Hawakusemezana karibu miaka minane.

Februari 2018 madaktari walimkuta na ugonjwa unaodhoofisha misuli kidogo kidogo. Ulianzia mikononi. Na tayari ilikuwa imetangazwa kwamba Flash ingezimwa mwisho wa mwaka 2020. Masomo yake yote sitini na manne yangezimika nayo. Akamwomba Dale ampigie Curtis simu na kumshikia sikioni.

"Ulisema kweli," alimwambia. "Na mikono yangu imekwisha. Njoo na yako."

Curtis alifika siku ileile. Yeye aliandika masomo upya kwa JavaScript, Marlys akaelekeza kwa sauti, na sauti ilipokatika, kwa macho. Wiki ya tatu vidole vya yule bibi bado vilikuwa vinashtuka-shtuka.

"Dada, kwa Flash hiki ulikuwa unakifanyaje?"

Marlys alicheka hadi akapaliwa. "Kumbe maiti alikuwa anajua kazi!"

Alifariki nyumbani Duluth, asubuhi ya tarehe 17 Oktoba 2019, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu. Masomo hamsini na tisa yalikuwa tayari. Matano yaliyobaki Curtis anayajaribu, lakini hana tena wa kumwuliza. Ameomba isomwe hapa, mbele ya jeneza, kwamba ile miaka ya kununiana ingetosha kuyamaliza masomo yote, na muda ukabaki.

Marehemu ameacha mume, Dale, binti, Britta, mama, Lorna, ndugu, Curtis, na wanafunzi zaidi ya mia nne.

Mungu ampokee, ampe pumziko lisilo na maumivu.