Samaki wa Katikati ya Sinia

Kijiwe hiki cha mji wa Thiès ni ubao mmoja juu ya matofali, nyuma ya ukuta wa karakana ya reli, na ukichelewa unasimama, usimlaumu mtu. Baada ya chakula cha mchana Sukari, mpika chai wetu, huwasha jiko la mkaa akachemsha chai ya kijani, raundi tatu, na hakuna anayeondoka kabla ya ile ya tatu. Siku hiyo Massamba alifika amenuna. Alikuwa ameshiba chakula na wivu.

— Malick wangu kanitia aibu leo, alisema. Samaki yuko katikati ya sinia, mtoto kazamisha mkono, kamvuta mzima upande wake. Mdogo wake kaambulia wali mtupu.

— Ana miaka mingapi? aliuliza Sukari.

— Sita.

— Basi huyo bado ni tumbo tu.

— Tumbo gani? Wa Ndiaga ana mitano, anamchambulia mdogo wake miiba. Nimeona mwenyewe, mlango ulikuwa wazi. Anamsukumia minofu na wala hajaambiwa. Nilitamani kumzaba kibao mtoto wa watu.

Ndiaga ni ndugu yake, baba mmoja, mama mbalimbali, nyumba ya tatu kutoka hapo. Massamba alikwisha kumwonea wivu wa paa, wa pikipiki, na sasa wa watoto. Aliona haya, lakini haya yenyewe haikumsaidia kitu.

Profesa, fundi baiskeli aliyepewa jina hilo kwa sababu ya miwani tu, akakohoa.

— Tatizo mbilingani. Mtoto akila sana mbilingani anakuwa mchoyo. Kwa Ndiaga hawapiki.

— Wanapika, bwana. Nanusa kila siku.

— Mimi ningewafunga Malick na mdogo wake mkono kwa mkono, alisema Sukari, akimimina chai kutoka juu mpaka ikatoa povu. Mmoja hali mpaka mwenzake ale.

— Wale kwa mkono upi sasa?

— Si huo wa kushoto uliobaki?

— Sukari, una wazimu. Mwanangu ale kwa kushoto?

— Basi badilishaneni, akasema Profesa. Wewe mchukue wa Ndiaga mwezi mmoja, yeye akae na wako. Tabia itahama yenyewe.

Sukari alicheka. Massamba hakucheka. Alilifikiria kweli jambo hilo, akajiona akila na mtoto wa Ndiaga, na roho ikamsuta.

Shangazi Ndumbe, dada wa marehemu baba wa Massamba na Ndiaga, alikuwa akitoka sokoni na karanga zake. Wakampisha ubaoni. Alisikiliza huku akimenya, kisha akauliza taratibu:

— Massamba mwanangu, Malick alikuona lini wewe na ndugu yako mkila sinia moja?

Profesa akavua miwani, akaanza kuifuta.

— Shangazi, wewe unajua. Idi ile ya kuchinja, kondoo wa Ndiaga alimzidi wangu ukubwa. Halafu mwenyewe akaniletea paja zima mbele ya wageni wangu, ili waone. Nikalirudisha, na tangu hapo hatujala pamoja.

— Sijauliza habari za kondoo.

Sukari akampa Massamba glasi ya tatu. Aliishika tu, akihesabu miaka kurudi nyuma mpaka Idi ile. Malick alikuwa bado anabebwa mgongoni.