Kompyuta ya Akanisi Imezeeka Tena

Benchi letu liko ubavuni mwa duka la Mzee Prasad, hapa Raiwaqa, chini ya bati linalovuja upande mmoja tu, na upande huo tumemwachia atakayechelewa. Jumatano hiyo mvua ya Suva, mji wetu huu wa Fiji, ilikuwa haijakatika tangu alfajiri. Karai la kava, kile kinywaji chetu cha mizizi, lilikuwa katikati, Daktari akichota kwa kifuu na kugawa, na kila anayepewa hupiga makofi kwanza ndipo anywe. Huyo Daktari hajawahi kutibu hata kuku. Alikuwa akisukuma vitanda hospitalini mpaka akastaafu. Waziri naye serikali haimjui, ni katibu wa kwaya kanisani, ila akifungua mdomo utadhani yuko bungeni. Mimi wananiita Kreni, kwa ile kreni niliyoiendesha bandarini miaka ishirini na sita. Sote watatu tumetoka kijiji kimoja kule kisiwani Kadavu, kwa hiyo ni ndugu, tupende tusipende. Mada ilikuwa Akanisi, binti wa dada yangu, anayesomea upimaji wa ardhi. Ramani yake ya mwisho inatakiwa chuoni Ijumaa saa kumi jioni, na kompyuta yake inaganda kila akiifungua hiyo ramani. Asipoiwasilisha anarudia mwaka, na wafadhili hawamlipii mtu anayerudia. Nyumba yao iko nyuma tu ya duka. Mlango ulikuwa wazi.

DAKTARI: Ile mashine ni kuukuu, jamani. Imetoka ofisini huko, makarani wameitumia mpaka herufi zimefutika. Imechoka.

WAZIRI: Haijachoka. Ni unyevu. Hapa mjini hata chumvi inatoa machozi, sembuse kompyuta?

DAKTARI: Unyevu gani wewe? Mbona mwezi wa pili ilikuwa inakimbia?

Daktari mwenyewe akainamia karai kama kadondosha pete.

MIMI: Mijusi.

WAZIRI: Nini?

MIMI: Mijusi wametaga humo ndani. Pana joto, pana giza. Ningekuwa mjusi ningehamia.

Wakacheka, nami nikashusha pumzi. Nilitaka tu tutoke kwenye huo mwezi wa pili.

Maana mwezi wa pili sote tuliiona. Mwaka mzima yule binti alikuwa anaamka kabla ya majogoo, anachemsha mihogo, anakaanga samaki, anafunga vifurushi na kwenda kuviuza chuoni. Kompyuta mpya isingewezekana hata angeuza miaka mitatu, kwa hiyo akaamua kuifufua aliyonayo. Akanunua memori, akanunua diski mpya ya ile isiyozunguka, akapata na kadi ya picha iliyotumika. Akavifunga huko chuoni na mwanafunzi mwenzake. Ikawa ukibonyeza tu, ramani hiyo hapo, mito na vilima na mipaka yote. Dada yangu alilia kwa furaha. Sisi tulikwenda kuangalia, tukasifia, tukanywa chai yao.

Halafu tukarudi mmoja mmoja.

WAZIRI: Mimi naona ni hao wenye viwanda. Kompyuta ikifikisha miaka kumi wanaipunguza mwendo kutoka huko huko waliko, ununue nyingine.

DAKTARI: Kwa waya gani?

WAZIRI: Si ule uliolala chini ya bahari? Unafikiri umeleta sinema tu?

DAKTARI: Basi hata papa wanahusika. Wanautafuna ule waya, habari inafika hapa imemenywa.

MIMI: Acheni fiksi. Ile ofisi ilikotoka kompyuta, imejengwa juu ya makaburi. Wenye makaburi wanataka chao.

DAKTARI: Weweee! Hapo sasa umesema!

WAZIRI: Iombewe. Nitaongea na mchungaji.

Watu wazima, mvi kichwani, tunadanganyana mchana kweupe. Nilikuwa najichukia, na bado nilisogeza mkono nipewe kifuu changu.

Hapo ndipo alipokuja kijana wa Kihindi, kalowa chapachapa, kashika mwavuli ulioshindwa kazi. Akasimama pale panapovuja.

SHALVIN: Bula, anko zangu. Mimi Shalvin, nasoma na Akanisi. Kwao ni hapa nyuma?

DAKTARI: Hapa hapa. Umekuja kuitazama mashine? Mwenzetu hapa anasema ni mizimu.

SHALVIN: Mizimu? Anko, ile mashine niliifunga mimi. Memori mpya, diski mpya, kadi. Haiwezi kuganda. Labda vimelegea tu.

Matone yalikuwa yanamwangukia begani, na hakuna aliyemsogezea nafasi.

SHALVIN: Au vimeibiwa?

WAZIRI: Kijana, chunga ulimi. Hapa hakuna mwizi. Vitu viliombwa.

SHALVIN: Na nani?

WAZIRI: Na ndugu.

Hivyo ndivyo ilivyo kwetu. Ndugu akikwambia kerekere, yaani naomba, unatoa. Ukikataa umejitoa kwenye ukoo, na siku ya msiba wako usishangae uwanja ukiwa mtupu. Waziri aliomba diski kwa ajili ya kompyuta ya kwaya. Daktari akaomba kadi, ya shemeji yake anayepiga video za harusi. Mimi mjomba mtu niliomba memori, mwanangu Vereti anataka kucheza michezo yake ya bunduki. Kila tulipokwenda, Akanisi alichukua bisibisi akafungua yeye mwenyewe, akatupa kwa mikono miwili. Kisha akarudisha vile vya zamani. Hakusema neno, nasi tukakubaliana kwamba ana adabu.

Shalvin alitutazama mmoja mmoja. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililouma.

SHALVIN: Sawa, anko. Mimi desturi zenu sizijui vizuri, nisameheni. Nauliza tu. Na yeye akiomba, je?

Daktari alikoroga kava iliyokwisha kukorogwa. Waziri, mtu wa maneno yote yale, alikohoa. Mimi nilitazama barabarani.

Akanisi alikuwa amekwisha kutoka. Amejifunga koti la mvua, macho mekundu kwa kukesha. Akapita kwa kuinama, kama binti anavyopita mbele ya wakubwa, akakaa kwenye mkeka chini yetu. Akapiga makofi ya heshima, taratibu.

AKANISI: Wazee wangu, kerekere. Naomba mniazime mpaka Ijumaa jioni. Nikishatuma ramani nawarudishia kwa mkono wangu.

DAKTARI: Mwanangu, ile kadi shemeji kaondoka nayo. Yuko Labasa kwenye harusi. Walahi ningekupa.

Alisema kweli, masikini.

WAZIRI: Nami, binti yangu... diski imeshaombewa. Ni mali ya kanisa sasa. Nikiitoa nitawaambia nini waumini?

AKANISI: Naelewa, baba.

Akanigeukia mimi. Mimi niliyembeba siku ya kwanza kutoka hospitali. Nyumba yangu iko ng'ambo ya barabara, hatua thelathini, dirisha wazi. Vereti alikuwa anacheza. Milio ya bunduki ilikuwa inafika mpaka benchini, sote tunaisikia.

AKANISI: Mjomba, hata memori tu. Hiyo peke yake itanivusha.

Nilikuwa na neno moja tu la kusema: twende. Nikamfikiria Vereti atakavyonuna, mama yake atakavyonuna, na watu watakavyosema Kreni kanyang'anywa na mtoto wa kike.

MIMI: Iliungua, mama. Wiki iliyopita. Umeme ulikatika ukarudi, ikaungua.

Ng'ambo kule bunduki zikalia, na mwanangu akapiga kelele za ushindi.

Shalvin alifungua mdomo. Akanisi akamgusa mkono, akamnyamazisha. Kisha akanitazama, na kwa adabu ile ile tuliyokuwa tunaisifia akasema:

AKANISI: Pole sana, mjomba. Mpe pole na Vereti.

Akainuka, akashika njia ya kituo cha basi na mwenzake, kwenda kupanga foleni ya kompyuta za chuo. Daktari akanipa kifuu. Nikapiga makofi, nikanywa.